Kisigino cha Mama Mkwe na Kioo cha Kunyolea

Mjukuu wangu anayesomea kazi ya hospitali alikuja nyumbani likizo iliyopita mguu mmoja ukiwa na bendeji. Alikuwa ameteguka akicheza mpira. Nikamuuliza ni nani aliyempima. Akasema alipigwa picha, picha ikaonyesha mfupa uko sawa, akapewa vidonge. "Lakini nani alikushika?" nikamuuliza. Akanitazama kana kwamba nimeuliza jambo la aibu. Hakuna aliyemshika. Basi haya ninayoandika ni yake na yenu wenzake, ninyi mnaovaa makoti meupe yaliyopigwa pasi. Mkiona haya kuyasoma, jueni mimi naona haya zaidi kuyaandika, maana yanamhusu mama mkwe wangu na mguu wake, na kwetu Idakho mwanamume hazungumzii mguu wa mama mkwe wake.

Nilikuwa dresa. Siku hizi neno hilo limekufa, lakini miaka ile ya mwanzo ya uhuru dresa ndiye aliyesafisha vidonda, akafunga bendeji, akachanganya plasta ya kufungia mifupa na kufanya kila kazi ambayo daktari hakuwa na nafasi nayo. Hospitali yetu ilikuwa Kakamega mjini, na chumba changu kilikuwa mwisho wa baraza, karibu na tangi la maji. Serikali mpya ilikuwa imetangaza matibabu ya bure, kwa hiyo foleni ilianzia mlangoni mwetu ikapita tangi ikafika kwenye ua wa michongoma. Mashine ya eksirei tulikuwa nayo, moja, na filamu zake ziliisha mapema kuliko sukari ya chai yetu. Tulipima kwa mikono.

Aliyenifundisha alikuwa dresa mkubwa, Mzee Andayi wa Matungu, mtu mfupi, mnene, ambaye akicheka tumbo lote linashiriki. Kitu cha kwanza alichonionyesha hakikuwa dawa wala bendeji. Kilikuwa beseni. Mgonjwa wa mguu akiingia, Andayi alimkalisha, akamletea maji ya uvuguvugu, akamwosha miguu yote miwili mwenyewe, polepole, huku akimuuliza habari za nyumbani.

Nilidhani ni usafi tu. Baadaye ndipo nikaelewa. Hakuna sehemu ya mwili ambayo watu huionea haya kama mguu. Mtu anakuonyesha jipu la kwapani bila wasiwasi, lakini mwambie avue soksi uone atakavyobabaika. Mmoja kisigino kimepasuka, mwingine ana funza, mwingine ameshinda ndani ya gambuti wiki nzima na anajua kabisa chumba kitanuka nini. Kulikuwa na mfanyabiashara mmoja kutoka Mumias, mtu wa kanzu safi, aliyetusalimu vizuri kwa salaam aleikum, akaitikiwa, kisha akakataa katakata kuvua kiatu. Andayi hakubishana naye. Alichutama akaanza kuosha kile kiatu, hivyo hivyo kikiwa mguuni, mpaka yule bwana akacheka na kukivua mwenyewe.

"Kijana," Andayi aliniambia, "mtu akishakuachia umuoshe mguu, hawezi tena kukukataza kuushika."

Mimi nilikuwa na haraka, kama ninyi. Siku ya kwanza kuachiwa mgonjwa peke yangu, aliletwa kijana aliyeumia akimkimbia fahali. Mnajua mambo yetu: fahali wakipiganishwa asubuhi, hospitali hupata kazi mchana. Kifundo kilikuwa kimevimba kama mkate. Nikaona uvimbe, nikauendea moja kwa moja, nikaubonyeza kwa dole gumba kwa nguvu zangu zote. Kisigino chake cha upande mwingine kikanipata mdomoni. Andayi alipoingia alinikuta natema damu na mgonjwa analia, akasimama akatutazama.

"Kati yenu, mgonjwa ni nani?" akauliza.

Pengo hili mnaloliona nikicheka limetokana na siku hiyo. Wanangu walikua wakidhani nililipata kwa ushujaa na sikuwahi kuwasahihisha.

Kwa hiyo shikeni hili. Anza na mguu mzima. Ushike, uukunje, uvute, ili mikono yako ijue mguu wa mtu huyu ukiwa mzima uko namna gani, na mwenyewe ajue utamfanya nini. Muulize panapouma, kisha usipaguse. Anza mbali. Panda hadi chini ya goti, shuka na mfupa wa nje kwa kidole kimoja, taratibu, na mahali penye maumivu pawe pa mwisho kufikiwa. Mkulima mmoja wa Mautuma aliyeanguka kutoka kwenye trekta alikuja akilalamikia kifundo tu. Ningemfunga kifundo nimrudishe nyumbani. Andayi alianzia juu, na alipogusa karibu na goti yule bwana aliruka. Mfupa ulikuwa umevunjika huko juu, mahali ambapo hata mwenyewe hakuwa amepatilia maanani. Usisahau ncha za mifupa pande zote mbili za kifundo, upande wa nyuma. Usisahau ule mfupa unaotokeza ukingoni mwa unyayo kuelekea kidole kidogo. Kisha shika juu ya kifundo kwa mkono mmoja, kisigino kwa mwingine, ukivute mbele kidogo. Kikija kirahisi kuliko mwenzake, kuna kano imekatika ndani.

Lakini kipimo alichokipenda Andayi kuliko vyote ni cha mshipa mkubwa wa nyuma, ule mnene unaounganisha shavu la mguu na kisigino. Unamlaza mgonjwa kifudifudi, nyayo zikining'inia nje ya kitanda. Unalishika shavu la mguu, pale penye nyama nyingi, unaliminya. Mshipa ukiwa mzima, unyayo unainama wenyewe, kama mtu anayeitikia kwa kichwa. Ukiwa umekatika, unyayo unakaa kimya.

"Mguu unaitikia au hauitikii," alisema Andayi. "Usimsikilize mwenye mguu, kwa sababu atakwambia anaweza kuusogeza. Na kweli anaweza, kuna misuli mingine midogo ya kumsaidia. Lakini hawezi kusimama kwa vidole, hawezi kupanda mlima. Na ukichelewa, zile ncha zilizokatika zinajikunja kila moja upande wake, na hapo plasta haisaidii kitu."

Sasa nifike kwenye aibu yenyewe.

Nilikuwa nimemwoa Rispa, binti wa Iguhu. Mila yetu ninyi wa siku hizi mnaichekea, lakini wakati huo hakuna aliyeichekea. Mimi na mama yake hatukusalimiana kwa mkono. Hatukula chumba kimoja. Nikimwona njiani nilipita kando, na yeye akajifunika uso kwa leso akageukia ukingoni. Nilikuwa sijawahi kusikia sauti yake ikinisemesha. Hata jina lake sitaliandika hapa, na yeye amekwisha lala zamani. Nilichomjulia ni kilima cha kwao. Nyumba yao iko juu na mto uko chini, na kila siku aliteremka akapanda na maji kichwani bila kushika mtungi. Watu wa pale walimsifu kwa mwendo huo. Mzee Mukabwa, baba mkwe, alikuwa akisema kwamba alimchumbia kwa sababu alimwona akipanda.

Siku moja alikuwa kwenye mazishi ya jirani, na fahali waliokuwa wameletwa, kama ilivyo desturi yetu mazishini, wakaanza kusukumana, mmoja akaponyoka. Wanawake wakatawanyika. Yeye akaruka mtaro. Alipotua alihisi mtu amempiga kisiginoni kwa fimbo. Aligeuka kwa hasira amwone aliyempiga, na nyuma yake hakukuwa na mtu.

Mimi hayo sikuyajua. Kesho yake asubuhi nilitoka na beseni langu, nikatupa macho kwenye foleni, na pale kwenye benchi nikamwona, ameketi na shemeji yake wa kike, mguu mmoja hauna kiatu. Mimi mwanamume mzima, mwenye koti la serikali, niliweka beseni chini nikakimbilia nyuma ya pazia la kona ya plasta nikajificha.

Daktari alikuwa chumba cha upasuaji. Andayi alikuwa wodini. Aliyempokea ni nesi Peninah, msichana mwema na mwenye mikono myepesi, na nilimsikia kila neno kutoka pale nilipojibanza kati ya magunia ya plasta.

"Mama, umeumia aje?"

"Nilirukanga mtaro, nikaskia kama mtu amenichapa na fimbo hapa nyuma. Nikaangalia, hakuna mtu."

Maneno hayo Andayi alikuwa amenikaririsha: mtu akikwambia amepigwa kisiginoni na hakuna aliyempiga, mlaze kifudifudi.

"Hebu sogeza mguu," akasema Peninah. "Juu. Chini. Haya, inasonga. Umeteguka tu, mama. Nitakufunga bendeji, nyumbani ukande na maji moto."

Peninah alifanya alivyofundishwa. Kile kipimo Andayi alikuwa amenionyesha mimi tu. Sasa nitoke? Nikitoka, mama mkwe atajifunika uso na foleni yote itajua. Nikinyamaza, anakwenda zake na mshipa uliokatika. Nikafanya jambo la katikati ambalo lilikuwa baya kuliko yote mawili. Niliongea kutoka nyuma ya pazia.

"Sista," nikasema kwa sauti niliyojaribu kuifanya nzito, "mlaze kifudifudi umminye shavu la mguu."

Nikasikia kitanda kikilia, kisha sauti ya mama mkwe, ndogo kabisa, ikimwambia shemeji yake kwa Kiluhya: "Huyo si ni bwana ya Rispa?"

Na kabla Peninah hajajua kuna nini, mama mkwe alikuwa ameshuka kitandani, leso usoni, anaruka kwa mguu mmoja kuelekea mlangoni, shemeji yake akimfuata. Foleni ikapasuka wakapita. Mtu mmoja akauliza kama mle ndani kuna nyoka. Nilipotoka nyuma ya pazia, nimepakaa unga wa plasta kichwani kama mzimu, nilikuta kiatu chake kimebaki chini ya kitanda.

Ningepewa nafasi ardhi inimeze, ningeingia mwenyewe bila kusukumwa. Fikirieni: mwanamke anakuja kutafuta msaada, anakuta mkwe wake amejificha, anamsikiliza, anaamuru miguu yake iminywe. Na mnajua kinachonichoma zaidi hadi leo? Naona haya kwamba niliona haya. Lakini wakati ule sikuwa na njia ya kuliona jambo hivyo.

Nilimwendea Andayi wodini na kiatu mkononi nikamweleza. Alicheka mpaka akaketi kwenye kitanda cha mgonjwa. Kisha akaacha kucheka ghafla.

"Amesema amechapwa na fimbo?"

"Ndiyo."

"Basi umekatika. Na atakandwa. Wanawake wa kijijini watamkanda na maji moto na majani mpaka wiki mbili zipite. Hapo tena usiniletee."

"Nenda wewe, mzee, umpime huko nyumbani."

"Mimi nitamwambia nini? Amekimbia hospitali yote, mimi nikiwemo. Atakayemkubali ni mtoto wake." Akanitazama. "Rispa ana mikono?"

"Anayo."

"Basi mfundishe. Yeye aminye, wewe uangalie unyayo. Kuminya anaweza mtu yeyote. Kuona kama mguu umeitikia wenyewe au umesogezwa na mwenyewe, hapo ndipo panataka jicho."

Jioni hiyo, kabla jua halijazama, nililala kifudifudi kwenye mkeka barazani mwa nyumba yetu ya laini ya wafanyakazi, suruali nimeikunja hadi magotini, nyayo zikining'inia nje ya ukingo wa baraza, na Rispa akaanza kuniminya. Mara ya kwanza aliminya chini mno, karibu na kifundo, na unyayo haukuinama. Akashtuka akidhani mimi nami nimekatika. "Panda juu, kwenye nyama," nikamwambia. Akapanda. Unyayo ukaitikia. Akafurahi kama mtoto, akaminya tena na tena, upande huu na ule, na mimi nikawa nalia kwa maumivu huku namwambia aendelee. Majirani walikuwa wakipita kutoka kazini. Kesho yake karani wa stoo aliniuliza kwa upole kama kuna tatizo nyumbani, na kama ni kweli mke wangu hunilaza chini akanipiga.

Jumamosi tukaenda Iguhu. Rispa alibeba kiatu cha mama yake kwenye kikapu, chini ya unga.

Tulimkuta Mzee Mukabwa uani ananyoa ndevu, kioo kidogo amekitundika kwenye msumari wa ghala la mahindi, shavu moja limenyolewa na lingine lina povu. Hakuacha kunyoa. Rispa alimweleza baba yake yote, mshipa, kuminya, kuitikia, nami nimesimama nyuma yake macho yakiwa ardhini. Kutoka ndani ya nyumba tulisikia maji yakimwagwa kwenye beseni na mwanamke akiguna. Walikuwa wanamkanda.

"Rispa aminye, sawa," alisema mzee. "Ni mtoto wake. Lakini huyu kuangalia? Hapana. Mkwe haangaliangi mama mkwe amelala. Kitu kama hiyo haijawahi kuwa hapa."

"Baba, ni nyayo tu. Sehemu zingine zote nitafunika."

"Nyayo ni zake ama ni za mtu mwingine?"

Alikuwa na haki. Mzee akaendelea kunyoa. Niliwaza kile kilima, na ule mtungi, na plasta yangu iliyolala kwenye magunia Kakamega. Nilitaka kulia, nikaona haya kulia mbele ya baba mkwe.

Kisha wembe ukasimama.

"Kuja hapa," akaniambia. Nikasogea. "Angalia kwa kioo. Unaona nini?"

"Naona shavu lako, baba."

"Nyuma ya shavu."

"Naona kuku. Na mlango wa nyumba."

"Umegeuka?"

"Sijageuka."

"Umeangalia nyumba yangu?"

"Nimeangalia kioo, baba."

Mzee akafuta povu lililobaki kwa kiganja, akakitoa kioo kwenye msumari akanipa. "Basi keti huko, uipatie nyumba mgongo."

Nikakalia kigoda katikati ya ua, mgongo kwa mlango. Waliokuwa wakikanda walitolewa nje. Rispa aliingia, na mashauriano huko ndani yalichukua muda, sauti moja ikikataa, nyingine ikibembeleza. Mwishowe kitanda kilisogezwa karibu na mwanga. Baba mkwe akasimama kati yetu, kando kidogo, kama ukuta wa heshima. Nikainua kioo. Kwanza niliona anga, kisha paa, kisha mlango, na ndani ya mlango, chini ya leso iliyofunika kila kitu, nyayo mbili.

"Mwambie Rispa aanze na mzima," nikamwambia mzee.

"Rispa, anza na mzima," akarudia mzee, ingawa sote tulikuwa tumesikizana.

Leso ikasogea mikono ilipoingia chini yake. Unyayo wa kulia ukainama vizuri, ukarudi. Ukaitikia.

"Sasa mwingine."

Leso ikasogea. Unyayo wa kushoto ukabaki vilevile. Rispa akaminya tena. Niliona mikono ikijikaza chini ya kitambaa, na unyayo umekaa tu.

"Mwambie umekatika," nikasema.

Mzee hakuhitaji kurudia. Kutoka kitandani sauti ilisema, haikuwa kwangu, ilikuwa kwa ukuta: "Hiyo ni uongo. Mguu yangu inasonga. Hata sista alisema inasonga. Tazameni." Na kwenye kioo niliona unyayo wa kushoto ukisogea juu, chini, kwa shida, kwa hasira. "Huyu amenitia aibu huko Kakamega, sasa amekuja kunimalizia hapa kwangu."

Hayo maneno yaliniingia. Nilikuwa nimekuja kumponya, na yeye aliona nimekuja kumvua nguo mara ya pili. Na kama ningekuwa yeye ningeona vivyo hivyo. Nilishusha kioo magotini, na katika kukishusha nikaona uso wangu humo, na ndipo wazo likanijia. Mtu aliyelala kifudifudi hawezi kuona nyayo zake. Sisi sote tulikuwa tumeuona mguu wake isipokuwa yeye.

Nikampa mzee kioo, bila kugeuka. "Baba, mpelekee Rispa. Mama ajiangalie mwenyewe. Alegeze mwili tu, asisogeze kitu."

Sijui yaliyoendelea baada ya hapo ila kwa masikio. Nilisikia Rispa akimwambia baba yake ashike kioo hivi, hapana, hivi, juu kidogo. Nikasikia mama mkwe akisema ameziona nyayo zake. Kisha Rispa: "Huu mzima, mama. Umeona?" Kisha: "Na huu." Kisha: "Nifanye tena?" Na mara nyingine: "Nifanye tena, mama?"

"Wacha," ikasema ile sauti. Kuku akapita mbele yangu. "Umekufa."

Baba mkwe akatoka akasimama kando yangu, kioo mkononi. Alikuwa ameuona naye. "Anauliza, asipoenda itakuwa aje?"

"Atatembea," nikasema. "Lakini hatapanda kutoka mtoni na maji."

Hakurudi ndani kupeleka jibu. Lilikuwa limesikika.

Jumatatu mama mkwe aliletwa Kakamega na lori la miwa lililokuwa linarudi tupu. Andayi ndiye aliyemfunga, vidole vikielekezwa chini kama vya mcheza ngoma, ili ncha za mshipa zikutane. Mimi nilikuwa nyuma ya lile pazia langu. Safari hii kila mtu alijua niko hapo. Nililoweka bendeji za plasta kwenye maji, nikazikamua kidogo, nikazipitisha chini ya pazia, na mkono wa Andayi ukazipokea, moja baada ya nyingine. Ni kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya na sikuiona.

Siwezi kuwadanganya kwamba ilikuwa rahisi. Plasta ilibadilishwa, mguu ukanyooshwa kidogo kidogo, ukatoka umekonda. Rispa alikwenda Iguhu kila mwisho wa juma kumfanyisha mazoezi niliyomwagiza: shika ukuta, inuka kwa vidole vya miguu yote miwili, shuka polepole. Aliporudi nilimuuliza, naye alijibu kwa mkato, "Bado." Nilisikia watu wakisema kwamba mama mkwe wangu amekuwa kiwete kwa sababu mkwe wake alimwangalia. Kazini waliniita Mkwe wa Kioo. Niliitika, nifanye nini? Sikwenda kwao tena. Sikuwa na uso wa kwenda.

Ni mpaka mavuno, mtoto wetu wa kwanza Shivachi amezaliwa, ndipo mila iliponilazimu kumpeleka. Nikaketi uani kwenye kigoda kilekile, mgongo kwa nyumba. Rispa alikuwa jikoni na mtoto. Mzee Mukabwa alikuwa ananyoa. Nilikuwa nimeinamisha kichwa, nahesabu makosa yangu, niliposikia hatua za mtu zikija kutoka upande wa mto, nzito, za polepole, kisha zikasimama nyuma yangu. Kitu kizito kikatuliwa chini, maji yakacheza ndani yake.

"Baba Shivachi," Rispa akaita kutoka mlangoni, na sauti yake ilikuwa na kicheko. "Chukua kioo."

Baba mkwe akakitoa kwenye msumari akanipa, shavu moja likiwa bado na povu. Nikakiinua. Nikaona ukingo wa leso, na chini yake nyayo mbili zilizojaa vumbi la njiani. Visigino vikainuka, vyote viwili. Vikashuka. Kisha mguu wa kulia ukaondoka ardhini, ukabaki wa kushoto peke yake, mwembamba bado, unatetemeka, na kisigino chake kikapanda, kikapanda, kikakaa juu.

"Mkwe," ikasema sauti nyuma yangu. Ilikuwa mara ya kwanza. "Umeona?"

Kioo kilikuwa kimejaa ukungu, na ukungu wenyewe ulikuwa machoni mwangu. Niliona haya kuliko siku ya magunia. "Nimeona," nikasema.

Akashuka. Nikasikia kata ikizama mtungini. Mkono ulipitisha kikombe chini, pembeni mwa kigoda, ukakiacha hapo, na hatua zikaingia nyumbani.

Nikayanywa yale maji yote, nikiwa nimeipa nyumba mgongo.